Njoo Kesho

Mbele yangu kwenye basi walikaa watu wawili waliotoka foleni moja ya kliniki ya kisukari: mama fundi cherehani, futi ya kupimia bado shingoni, na mzee mwenye sare ya ulinzi.

"Daktari kasema nipungue," mama alisema. "Basi mwezi uliopita nikajichoma insulini, chakula nikakiruka. Sukari ikashuka, nikaanguka chini ya meza ya kukatia."

"Dada yangu, ukishajichoma lazima ule. Nani alikuokota?"

"Mteja. Nilimwahidi Ijumaa, akaja Alhamisi kunisumbua. Ndiye aliyeninywesha soda."

Mzee alicheka kidogo. Mama hakucheka.

"Tangu siku hiyo, hata nguo ikiwa tayari simpi mwenyewe. Namwambia njoo kesho. Kila siku anakuwepo mtu wa kunigongea mlango."

Mimi nina gauni kwa fundi, wiki ya tatu sasa, na maneno niliyomtolea siwezi kuyaandika hapa. Nikatazama dirishani.

"Kwa hiyo bado unaruka chakula?" mzee aliuliza.

"Naruka, kaka. Mwili unapungua."

"Utakufa."

"Watagonga."

"Wasipokusikia wataondoka, watasema fundi kawakimbia tena."

Basi likapunguza mwendo, mama akainuka na mfuko wake wa vitambaa.

"Na Jumapili?" mzee alimwuliza. "Jumapili nani anakuja?"

"Jumapili haji mtu," alisema, akikunja futi taratibu. "Jumapili nakula."