Somo Ndani ya Mfuko wa Shati

Saa tatu asubuhi, Jumanne, somo la hesabu la kidato cha pili lilianza ndani ya mfuko wa shati la seremala. Upepo ulikuwa umeezua madarasa, na mwalimu alikuwa akifundisha kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Simu ilikuwa ya binti yake seremala. Mama yake aliituma kutoka ng'ambo anakofanya kazi za ndani. Lakini binti alikuwa nyumbani, na simu ilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa na baba yake, seremala huyo, ambaye wenzake wanamwita Mtandao kwa vile haachi kuuliza kama mtandao upo.

Simu ikalia. Mtandao akabonyeza, ikatoka sauti ya mwalimu: "Wavulana wamejibu. Wasichana mbona kimya?"

— Wasichana na hesabu wapi na wapi! akasema Soli, fundi viatu.

— Si hesabu, ni mionzi, akasema Waziri, kinyozi. Mionzi ya simu inanasa kwenye nywele ndefu. Kichwani haifiki.

— Ndiyo maana unatunyoa vipara?

— Naokoa taifa, bwana.

— Basi mimi nakwambia simu inatambua kidole. Ikiguswa na binti, inajizima yenyewe, akasema Soli.

— Acheni upuuzi, akasema Mtandao. Binti yangu akili anayo.

— Sasa simu unayo wewe ya nini? akauliza Waziri.

— Mama yake anaweza kupiga.

— Mara ya mwisho alipiga lini?

Mtandao akaangalia kioo cha simu.

— Bosi wake hampi nafasi. Nikimkosa leo, sijui nitampata lini.

Simu ikalia tena. Mwalimu alikuwa akimtaka binti ajibu swali la nne. Soli akabana pua: "Nipo, mwalimu!" Waziri akacheka. Mtandao hakucheka.

Mshonaji mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahani, kaka. Mama akipiga, binti hajui kupokea?

Soli akainamia kahawa yake. Waziri akakohoa.

— Anajua, akasema Mtandao. Ila wakishaongea wao, muda wangu unakuwa umekwisha.

Mtandao akaweka kikombe chini, akaenda nyumbani.

Alirudi bila simu. Wenzake walikuwa wameshakwenda kazini, na birika la kahawa lilikuwa tupu. Akakaa.

Binti alijibu swali la nne. Saa nne mama alipiga, binti akapokea. Mtandao alikuwa bado benchini.