Daktari Alphonse Likoke na Zamu Aliyokataa Kuuziwa

Léon, shemeji yake anayesoma haya mazishini, alimfahamu Daktari Alphonse Likoke mwaka 2009 sokoni Mangobo, Kisangani, mbele ya meza ambapo Léon aliuza chupa tupu. Kila chupa daktari aliitia maji, akazamisha mpira mwembamba, akapuliza.

«Docteur, unanunua ao unacheza? Wateja wanakimbia!»

«Papa, mutu akipigwa risasi ku kifua, hewa inabana mapafu. Natia mupira kati ya mbavu, ncha inalala mu mayi: hewa inatoka, hairudi. Alors, niache nicheze.»

Alichukua kumi na mbili. Baadaye akarudi kumposa Chimène, dada wa Léon. Hapo, kwa mahari, Léon alimbana kuliko kwa bei ya chupa.

Marehemu alizaliwa Isangi tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa papa Michel, mvuvi, na mama Hélène. Alisomea udaktari Kisangani, akahitimu mwaka 2007. Alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 2010.

Tangu 2022 alipasua majeruhi katika hema la hospitali, nyuma ya mapigano ya mashariki. Vifua vingi vilitaka mpira na chupa tu. Matumbo ilibidi yafunguliwe, utumbo ushonwe, na meza ya upasuaji ilikuwa moja. Akaandika ubaoni: anayevuja damu upesi ndiye wa kwanza, cheo hakipandi mezani.

Tarehe 6 Novemba 2025 Léon alikuwa amepeleka chupa hemani kombora lilipoanguka. Kipande kilimwingia Alphonse tumboni. Priscille, muuza chikwangue, mkate wa muhogo, alipigwa vilevile, naye alivuja upesi zaidi. Daktari Claire, mwenzake Alphonse, alisita. Léon akamshika mkono.

«Anza na Alphonse! Akipona, ataponyesha mia. Unataka nini? Groupe, jenereta ya umeme? Gari yangu? Sema!»

Alphonse akafumbua macho. «Shemeji, hapa haiko Mangobo. Claire, soma ubao.»

Priscille alichukua saa mbili na nusu. Zamu ya Alphonse ilipofika, mkono wake haukuwa na mapigo tena. Claire alimfungua hata hivyo, akaziba, akashona, akalia. Alphonse alifariki saa kumi jioni.

Ameacha mama Hélène, mjane Chimène, na watoto Bonheur na Ursule. Priscille ameketi kule nyuma, asiinamishe kichwa. Yeye amepoteza wengu, amebaki na uhai. Chimène amebaki na watoto wawili wanaouliza baba yuko wapi. Léon aliweka mezani kila alichonacho, hakupewa kitu, na mpaka leo hakubali kwamba shemeji yake alikuwa na haki.

Alale sasa Alphonse, kwa amani. Hakuna tena anayesubiri meza nyuma yake.