Mwalimu wa Rula na Makofi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, mama alichonga penseli mbili kwa wembe. Moja aliichomeka kwenye nywele, hiyo ikawa yake ya kazi. Ya pili ilikuwa ya mtoto yeyote atakayekuja darasani bila penseli. Mimi binti yake nilisoma kwake darasa la saba, na siku moja nilisahau yangu nikanyoosha mkono kuomba. Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe si kwenu ndiko zinakochongwa?" Darasa zima likacheka.

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Bibi alisema mashine haikunyamaza hata siku hiyo, maana watu walikuwa wanasubiri sare za shule.

Alianza shule mwaka 1973, na mwaka 1979 akafanya mtihani wa taifa wa darasa la saba. Aliruka swali moja gumu, akasahau kuruka mstari wake kwenye karatasi ya majibu. Kuanzia hapo kila jibu alilotia kivuli lilikaa kwenye mstari wa swali lingine. Aligundua kengele ikilia. Alirudia darasa, dawati moja na mdogo wake, huku rafiki zake wakipita dirishani na sare za sekondari zilizoshonwa na baba yake mwenyewe. Alitusimulia kwamba wivu kama ule hakuupata tena maishani.

"Hata kwangu?" baba aliuliza.

"Wewe nani akuibe?"

Mwaka uliofuata alifaulu. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1988, akaajiriwa katika shule ya msingi ambayo hakuihama hadi alipostaafu. Wanafunzi walimwita Rula. Alipita madawatini akiilaza rula chini ya mstari wa jibu, mkono wa mtoto usiteleze, na darasa lake likawa linaongoza mwaka hadi mwaka. Nyumbani rula hiyo ilikuwa yangu. Baada ya chakula aliilaza chini ya jibu nililokosea, akanyamaza, akasubiri mpaka nilione mwenyewe.

Aliolewa tarehe 7 Desemba 1991 na baba yetu, fundi friji, aliyeitwa kutengeneza friji ya ofisi ya walimu, kisha akawa anarudi kuikagua ilhali ni nzima.

Mwaka 2016 shule ilipewa sanduku la roboti ndogo za kufundishia. Walimu wenzake walilikwepa, mwalimu mkuu akambebesha yeye. "Mimi hata rimoti ya televisheni naiogopa," alilalamika. Haukupita muda, roboti moja ya magurudumu, ukubwa wa sahani, watoto wameipa jina Kobe, ikawa inakuja kuchajiwa sebuleni kwetu.

"Huyu mgeni wako anaondoka lini?" baba alisema. "Mbona mimi siji na friji za watu?"

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu nilipompelekea shuleni miwani aliyoisahau. Nilifika mlangoni Kobe akitembea juu ya meza. Hakusimama. Alipita ukingo akaanguka chini kwa kishindo. Nikasubiri rula. Mama akapiga makofi, na darasa lote likamfuata. Ndiyo ilikuwa desturi yao: Kobe akianguka wanapiga makofi, kisha aliyempa maagizo anaeleza alimwambia nini.

"Nimemwambia hatua nyingi, mwalimu, meza imeisha kabla hazijaisha!" alisema msichana mmoja, akicheka hadi machozi.

"Basi punguza, mama, ujaribu tena."

Alimwita yule msichana "mama". Na penseli ya pili ilikuwa juu ya sikio la mtoto yule. Nilimwonea wivu, mtu mzima mimi, miwani mkononi.

Septemba 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, akastaafu mapema. Wodini wanafunzi wake wa zamani walipanga foleni, nami nikangoja zamu yangu kama jirani. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, yaani kaka yangu na mimi, mjukuu mmoja, na mdogo wake wa lile dawati moja. Ameacha pia wanafunzi, ambao leo wametuzidi ndugu kwa wingi. Nimezoea. Pumzika, mama; karatasi zote zimeshasahihishwa.

Wiki yake ya mwisho, foleni ilipokwisha, nilimuuliza swali langu moja. "Mama, mbona mimi hukuwahi kunipigia makofi?"

Aliulaza mkono wake chini ya wangu, kama zamani alivyoilaza rula.

"Wale sikuwaogopea," alisema. "Wewe nilikuogopea."