Bi Kwanini na Pini za Kifuani

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni. Jina la Bi Kwanini alipewa na mwalimu wa hesabu aliyechoka kuulizwa maswali. Mwaka 1979 alihitimu ushonaji, akapanga chumba mkabala na posta, akashona hapo hadi mwaka juzi.

Mumewe, mpeleka barua, alikuja kupunguza suruali.

"Kaka, mbona bega moja limeshuka?"

"Mfuko wa barua."

"Sasa huwezi kubadilisha bega?"

Hakuwahi kulifikiria. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1983, wakajaliwa watoto wawili.

Kama mafundi wengi, marehemu alichomeka pini kwenye gauni lake, kifuani upande wa kushoto, akimpima mteja. Mwaka 2011 aligusa kitu kigumu ndani ya titi hilo, akadhani ni pini tu zimemchoma. Akazihamishia kwenye mkono wa gauni, akasubiri miezi. Kigumu hakikuondoka, wala hakikuuma.

"Pini inauma," alimwambia mumewe. "Hiki mbona hakiumi?"

Kesho yake alikwenda hospitali. Ilikuwa saratani, na ilishafika kwapani. Daktari alimweleza kuwa mara nyingi uvimbe wa namna hiyo hauumi mwanzoni. Titi liliondolewa, akapewa dawa na mionzi, akarudi kwenye cherehani.

Tangu hapo hakuna mwanamke aliyepimwa nguo bila kuulizwa kama amejikagua mwezi huo. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyekataa katakata.

"Dada, nimekuja kushonewa au kupekuliwa?"

"Kioo kile pale. Inua mkono, tazama kama ngozi imebonyea. Kisha pitisha vidole taratibu mpaka kwapani."

"Naogopa."

"Ogopa huku unapapasa."

Alicheka, akaondoka. Ikawa hivyo miaka na miaka.

Mwaka 2023 saratani ilirudi, safari hii kwenye mifupa. Siku moja mdogo wetu alipomaliza kumwogesha, marehemu alimuuliza tena. Mdogo wetu akaingia chumba cha pili kujikagua. Alipotoka hakuwa na utani.

"Kuna kitu. Kama njegere."

Marehemu aliagiza viatu vyake amsindikize hospitali, lakini miguu ilimkatalia. Akamtuma mumewe. Ilikuwa saratani, ila ilikuwa bado haijasambaa, ikatolewa.

Mdogo wetu aliporudi, marehemu alitaka kuona kovu. Aliliangalia kwa muda mrefu.

"Nani kashona hapa? Ana mkono mzuri."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2024, asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mdogo wake huyo, aliyemaliza matibabu, aliyesimama pale kushoto akiwa mzima.

Alale salama.