Wimbi la Chuma la Mzee Hsueh Chin-tsai

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza baba yetu, mimi ni Hsueh Pei-jung, binti yake mkubwa, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Hsueh Chin-tsai alizaliwa tarehe 3 Novemba 1947 katika kisiwa cha Cijin, hapa Kaohsiung, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Hsueh Wan-fu, mpakizi wa mizigo bandarini, na Mama Lin A-kuan. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Cijin kuanzia 1954 hadi 1960, na ingawa mwalimu wake alikuja nyumbani kumwombea aendelee, babu alikuwa ameumia mgongo, hivyo masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1963 aliajiriwa kwenye uwanja wa kuvunjia meli chakavu, akajifunza kukata chuma kwa moto wa gesi, na wakati wa chakula cha mchana, wenzake wakila wali na samaki, yeye aliunganisha mabaki ya chuma akatengeneza kaa, ndege na nyuso za wasimamizi, mpaka siku msimamizi mmoja alipoutambua uso wake na kumfukuza kazi. Tarehe 1 Machi 1972 alifungua karakana yake Cianjhen, pamoja na Bwana Tseng Huo-mu, aliyeketi hapa mbele.

Alifunga ndoa na mama yetu, Kung Yueh-chu, tarehe 10 Februari 1974, wakajaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa 1975, na mdogo wangu Cheng-hsun aliyezaliwa 1978. Mama alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 1986 alipewa kazi ya sanamu ya Jumba la Wapakizi, mtaa wa Yancheng. Msanifu wa jengo alitaka kitu cha kusimama uani, lakini Baba akasema sanamu ya uani watu huizunguka na kuisahau, akaomba apewe ukuta wenyewe. Kwa miezi kumi na tisa yeye na Bwana Tseng waliunganisha mabamba ya meli kuukuu, wakatengeneza wimbi lililopanda ghorofa saba, likajipinda juu ya mlango, likawa paa la kituo cha basi. Lilizinduliwa tarehe 12 Aprili 1988, na wengi wenu mmejikinga mvua chini yake.

Mwezi Juni 2013 Baba alipanda kulikagua, na wiki hiyo hiyo akaiandikia manispaa kwamba Wimbi liondolewe. Alieleza kuwa mwaka 1988 boliti zisizoshika kutu zilichelewa kufika, siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia, naye akafunga boliti za kawaida ndani ya ukuta, akiahidi kuzibadilisha, asizibadilishe. Wakazi walikusanya saini elfu nne kulitetea, na yangu ilikuwa miongoni mwao. Gazeti moja lilimwita fundi mdanganyifu, na kazi ya ukuta wa soko jipya, aliyokwisha kuichora, akanyang'anywa.

Nilimfuata karakanani nikamwambia, "Baba, kwa nini unajishtaki mwenyewe? Hakuna aliyekuwa anajua."

Hakuacha kupiga msasa. "Mimi nilikuwa najua," akasema. "Watoto wa shule wanasimama pale kila asubuhi, Pei-jung. Unataka ningoje nini?"

Nilitoka bila kumuaga, na kwa karibu mwaka mzima sikukanyaga nyumbani kwake.

Kazi ya kuliteremsha ilianza Machi 2014. Hakukubali likatwe na mtu mwingine, akapanda jukwaa kila siku akiwa na miaka sitini na sita, Bwana Tseng akimshikia kamba. Boliti ya nne ilipochomolewa ilikuwa imeliwa na kutu hadi unene wa kijiti cha kulia chakula. Bwana Tseng aliniletea shuleni ninakofundisha, imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani, akaondoka.

Nilirudi kwa Baba Jumapili iliyofuata. Alinipakulia uji wa viazi vitamu, akauliza habari za wanafunzi wangu, nami nikajibu habari za wanafunzi.

Mwaka 2016 alianza kukohoa, mapafu yakiwa yamechakazwa na moshi wa miaka mingi, akalazwa mara tano, na tarehe 21 Mei 2019, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Cianjhen waliomletea supu hata alipokuwa hawezi kuimeza, mafundi wenzake, na zaidi ya wote Bwana Tseng, aliyemshikia kamba.

Baba, ulikuwa sahihi, na miaka mitano nilikaa nawe meza moja bila kukuambia. Nisamehe. Lala kwa amani.