Mama Kanyaga na Swali Tulilolionea Haya

Tarehe 30 mwezi huu, mwenzetu wa idara ya fiziotherapia anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Kwenye faili ana jina kamili na namba ya mwajiriwa. Wodini, mapokezini na hata getini anaitwa Mama Kanyaga, kwa sababu ya maneno anayomwambia kila mgonjwa anayejifunza kutembea upya: "Kanyaga. Sakafu haiendi popote." Jina hilo alipewa na mgonjwa wa nyonga katika mwaka wake wa tatu kazini. Alilikataa kwa mwaka mzima, kisha akaanza kuliitikia.

Alipoajiriwa akiwa na stashahada yake, idara ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili, ngazi ya mbao ya vidato vitatu, na kiunzi cha mifupa cha kufundishia kilichopungukiwa mkono wa kulia. Leo tuna vyumba sita na watumishi kumi na wanane. Mkono wa kiunzi bado haujapatikana.

Wengi wanamfahamu kwa tabia yake ya kusoma soli za viatu. Aliwahi kumsimamisha mkurugenzi wetu wa zamani kwenye korido, mbele ya wageni, akamwambia kisigino chake cha kushoto kimelika upande, aje aangaliwe nyonga. Mkurugenzi alicheka. Jumanne iliyofuata alikuwa amejilaza kitanda namba mbili, suruali imekunjwa, anahesabu mpaka kumi kama watu wengine. Yupo pia mwalimu mkuu mstaafu ambaye goti lake lilishapona lakini alikuwa hataki kuiacha fremu ya kutembelea. Mama Kanyaga alimwekea chakula cha mchana upande wa pili wa chumba, akaisukuma fremu hadi stoo. Mwalimu alinung'unika hatua zote kumi na moja, na alipofika mezani akadai aongezewe mboga.

Lakini kazi yake kubwa ni mafunzo ya Alhamisi. Aliyaanzisha mwenyewe katika mwaka wake wa kumi na moja, kwa ajili ya wataalamu waliokwisha kuhitimu, wa hapa na wa vituo vingine. Alhamisi nane kila mwaka, saa mbili asubuhi, walikusanyika kwenye chumba kilicho nyuma ya stoo ya magongo, dirisha likitazama chumba cha kufulia, wakafundishwa na mtu aliyetoka wodini dakika kumi zilizopita. Aliwafumba macho kwa vitambaa wapapase misuli ya wenzao mpaka waseme ni upi umekaza. Aliwakalisha kwenye viti vya magurudumu waende wenyewe kutoka getini hadi dirisha la dawa na kurudi. Mmoja, mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano, alikwama kwenye kizingiti cha maabara akabaki pale robo saa. Wiki hiyohiyo aliporudi kituoni kwake, alibomoa vizingiti viwili.

Na palikuwa na swali. Mishipa ya fahamu ya chini kabisa ya uti wa mgongo ikibanwa, mtu hupata ganzi sehemu zile zinazokalia tandiko la baiskeli, na mkojo huanza kumgomea au kumponyoka. Hapo hakuna mazoezi tena. Anakimbizwa kwa daktari wa upasuaji siku ileile. Tatizo ni kwamba mgonjwa hasemi asipoulizwa, na sisi tunaona haya kumuuliza, hasa akiwa mtu wa rika la wazazi wetu. Kwa hiyo Mama Kanyaga aliwasimamisha wataalamu wawiliwawili, uso kwa uso, kila mmoja aseme kwa sauti: "Ukijisafisha chooni, unajihisi kama kawaida? Mkojo unautoa wote, au unabaki?" Ni marufuku kucheka, kuomba radhi, au kusema "huko chini."

"Ukimwambia huko chini," alikuwa akisema, "atakuonyesha goti."

Mimi nilijiunga na idara miaka tisa iliyopita, nikiwa na shahada ya uzamili na viatu vipya. Nilihudhuria Alhamisi zote nane nikiwa nimeketi nyuma, mikono kifuani. Zamu yangu ya kusema swali ilipofika nilitoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imepigwa. Mwaka uliofuata uongozi uliniomba maoni kuhusu mafunzo yale. Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilisema yamepitwa na wakati, yanaendeshwa na mtu mwenye stashahada tu, na lile zoezi la maswali halina staha mbele ya watu wazima. Nilipendekeza mihadhara ya slaidi. Miezi miwili baadaye Alhamisi zilifutwa, na mihadhara nikapewa mimi.

Mama Kanyaga alirudi wodini bila kuuliza kitu. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi, nami nikaendelea kuitikia kama mtu asiye na neno moyoni.

Miaka mitano iliyopita, siku ya Jumatatu, baba mkwe wangu alikuja kwangu hapa idarani na maumivu ya mgongo. Ni fundi saa mstaafu, mpole, ambaye hata nyumbani kwangu hubisha hodi mara tatu. Alikuwa amesogeza kabati siku mbili kabla. Nilimlaza, nikamwinua miguu, nikapima nguvu za vidole, nikagonga magoti. Kisha nikafika kwenye swali. Najua nilifika, kwa sababu nakumbuka nilitazama dirishani. Nikamuuliza: "Na kwingine kote kuko sawa, baba?"

"Kote sawa," akasema.

Nikaandika kwenye kadi yake: hana dalili za hatari. Nikampa mazoezi matatu na kumwagizia mfuko wa maji ya moto.

Alirudi Alhamisi, mguu mmoja ukiburuta. Mimi nilikuwa ukumbini nikifundisha wataalamu thelathini, na mada ya siku hiyo ilikuwa maumivu ya mgongo. Aliyempokea ni Mama Kanyaga. Alivuta pazia, akakaa kwenye kigoda ili awe chini ya usawa wa macho ya mzee, na akamuuliza lile swali kwa sauti ileile ambayo angemuuliza ni saa ngapi. Baba mkwe akajibu. Maneno yake mzee mwenyewe aliyarudia kwangu baadaye.

"Tangu Jumatatu asubuhi, dada. Kabla sijaja hapa. Mkwe wangu aliniuliza kama kwingine ni sawa. Sasa ningemwambia nini baba wa wajukuu zangu?"

Mama Kanyaga alimfikisha kwa daktari wa upasuaji ndani ya dakika ishirini, akisukuma kitanda mwenyewe. Kisha alikuja mlangoni mwa ukumbi akaniita kwa mkono. Nilimfuata. Daktari alikuwa anavaa glovu, akauliza bila kututazama: "Imekuwaje siku tatu zikapita?"

Mama Kanyaga aligeuka akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi.

Nikasema: "Mgonjwa alichelewa kusema."

Nimeishi na sentensi hiyo kwa miaka mitano. Nimeshawahi kukosea kama wengine, lakini hapo sikukosea; nilidanganya kwa makusudi. Nilimtupia lawama mzee aliyelala kifudifudi mita mbili kutoka niliposimama, na mtu aliyejua ukweli alikuwa kando yangu. Upasuaji ulikwenda vizuri kadiri ilivyowezekana. Baba mkwe anatembea kwa fimbo. Mkojo hautoki wenyewe mpaka leo; anatumia mpira wa kutolea mkojo mara nne kwa siku, na safari ndefu ameziacha. Daktari alisema wazi kwamba kama angeletwa Jumatatu, huenda asingehitaji mpira huo.

Wiki tatu baadaye nilimfuata Mama Kanyaga stoo. Alikuwa ameketi juu ya sanduku, anabadilisha mipira ya ncha za magongo. Nilimweleza yote: niliyoyaandika kwenye kadi, niliyomwambia daktari, na ile barua.

"Barua niliisoma mwezi uleule," akasema. "Waliweka nakala kwenye faili langu, wakaniita nisaini kwamba nimeiona. Nilikuchukia, mdogo wangu. Karibu mwaka mzima."

"Na sasa, Mama?"

"Sasa nina magongo arobaini ya kumaliza." Aliendelea kukaza ncha moja, akaijaribu sakafuni. "Kadi ndiyo sikuitegemea kwako. Hujui kuuliza, sawa, mtu anafundishwa. Lakini uliandika kwamba umeuliza."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Kwa mkweo, nenda ukamwambie kwa mdomo wako, usimtume mkeo. Kwa kazi, Alhamisi zirudi. Na barua ya kuzirudisha utaiandika wewe, kwa sababu unajua kuandika barua."

Nilikwenda kwa baba mkwe Jumamosi. Mke wangu alibaki jikoni na mama yake, mlango wazi. Naamini walisikia kila neno. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Tuliona haya sote wawili," akasema. Kisha, baada ya kuifuta miwani na kuivaa: "Lakini wewe ndiye uliyesomea."

Mafunzo ya Alhamisi yalirudi mwaka huohuo. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wataalamu ishirini na wawili nikasema lile swali. Nililiharakisha hadi nikalimeza nusu, nikarudia. Mama Kanyaga alinisikiliza kutoka mlangoni, akasema tu: "Polepole zaidi. Mgonjwa hana haraka, wewe ndiye unayetaka kukimbia." Kwa nini swali lilirudi, sikuwaambia. Mwaka wa pili sikuwaambia pia. Naye hakunitaja, si darasani, si kwenye chai, si hata siku ile nilipompinga kikaoni kuhusu ratiba ya zamu nikiwa nimekosea.

Tangu hapo, kwa taarifa tulizoletewa na washiriki, wagonjwa tisa katika vituo mbalimbali wameulizwa swali hilo siku ya kwanza na kufikishwa kwa upasuaji mapema. Mmoja ni dereva wa lori ambaye mwaka jana alikuja hapa mwenyewe, kwa miguu yake, kumshukuru mwanafunzi wa Mama Kanyaga. Mama Kanyaga alimtazama soli, akamwambia abadilishe viatu.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niombe kuandika wasifu huu badala ya kumwachia katibu wa idara. Miaka mitatu iliyopita mafunzo yalipongezwa, na cheti kilichotolewa kilinitaja mimi kama mwanzilishi. Nilikipokea jukwaani nikapiga picha. Kilining'inia ofisini kwangu tangu siku hiyo hadi juzi, na Mama Kanyaga huingia ofisini humo kila asubuhi kuchukua ufunguo wa stoo. Nilijiambia nitarekebisha wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo sasa ina miaka mitatu. Basi naomba isomeke hapa, kwenye jarida la watumishi wote: aliyeanzisha mafunzo haya, aliyeyafundisha kwa miaka mingi bila posho wala cheo, na aliyeyafufua, ni yeye. Mimi ndiye niliyeyaua. Cheti nimekirudisha kwa uongozi kiandikwe upya. Baba mkwe wangu nimemwomba ruhusa ya kumtaja, akaitoa kwa sharti kwamba nisijipunguzie.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea Mama Kanyaga Jumatatu iliyopita, kama inavyopasa. Aliisoma amesimama, akifuata mistari kwa kidole. Alifuta neno "shujaa" mahali pawili. Alisahihisha idadi ya vitanda. Halafu akagonga aya moja kwa kucha.

"Hapa umeandika kwamba nilikusamehe," akasema. "Sikumbuki kusema hivyo."

Nikamwambia nitaifuta.

"Ifute. Siku hiyo ikija nitakwambia mwenyewe, utakuwa huna haja ya kubuni."

Aya hiyo nimeifuta. Kuanzia mwezi ujao anahamia kwa dada yake mkubwa, ambaye ana magoti mabovu na nyumba yenye ua mpana, na tayari ameonywa. Darasa la Alhamisi linabaki mikononi mwa wataalamu wanne aliowaandaa. Mimi nitawapangia viti na kufundisha somo moja, lile la kadi ya mgonjwa na kinachoandikwa humo.

Mama, kwa niaba ya idara, wodi zote na wale waliotoka hapa kwa miguu yao wenyewe, ahsante kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na maisha marefu yenye raha. Kwa niaba yangu peke yangu, nisamehe. Na usipoweza, bado nakutakia mema yaleyale.