Ufunguo wa Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wajumbe, ndugu Mhasibu, wanachama wenzangu wa chama chetu cha akiba, na wewe mama wa chai uliyekosa kiti:

Nimepewa dakika tano kuaga miaka ishirini na miwili. Sefu yenye muhuri na hati zetu ina kufuli tatu, na ufunguo wa tatu nimeushika mimi. Akitokea mshika ufunguo hodari kunishinda, nitamvulia kofia. Mpaka leo kofia iko kichwani.

Bodi yetu ni ya wasomi, hongera zao. Mimi shule niliishia darasa la pili, tena kwa kubembelezwa. Ndiyo maana sitii dole gumba kwenye karatasi mpaka isomwe kwa sauti mbele za watu. Mwenyekiti akilalamika, "Mzee, unatuchelewesha," namjibu, "Mwanangu, nichelewe nifike."

Mwaka juzi aliniletea mkataba, akausoma kwa sauti tamu ya mahubiri. Nikamwambia: karatasi ni tano, umesoma nne. Kusoma sijui, lakini hata kuku anajua vifaranga wake. Akasema ya tano ni ya kawaida tu. Mama wa chai, aliyekuwa akikusanya vikombe, akatusomea hiyo ya kawaida: akiba yetu yote iwe dhamana ya mkopo wa malori ya shemeji yake Mwenyekiti.

Malori yamepigwa mnada. Akiba yetu ipo. Mwenyekiti alieleza kwamba alipitiwa, nami nikamwamini. Nani hajawahi kupitiwa na karatasi moja?

Wasomi wanaita jambo hili usimamizi wa hatari. Mimi naliita ubishi, na kwa ubishi huo nimestaafishwa kwa heshima na saa ya ukutani.

Ratiba inasema nimkabidhi ufunguo Mwenyekiti. Wa kwanza anao yeye. Wa pili anao Mhasibu, ambaye mwezi uliopita alimwoa binti wa Mwenyekiti, pilau tulikula. Funguo tatu, familia moja: huo ni utawala bora, au ni urithi?

Katiba yetu, ambayo nimesomewa mara tisa, inasema wa tatu huchaguliwa na wanachama. Kwa hiyo teremsha mkono, Mheshimiwa, ufunguo bado umo mfukoni mwangu. Nampendekeza mama wa chai, mwanachama namba kumi na saba, anayesoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Masikio yenu nimeyatumia vya kutosha, nashukuru. Sasa naomba mikono yenu, juu, nihesabu mwenyewe.